Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Mbizi na Programu Huria

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Mimi huongoza wageni wanaopiga mbizi hapa Nungwi. Ninavaa kompyuta ya mbizi, yaani kifaa cha mkononi kinachopima kina na muda wa kila mbizi, aina ya Suunto Vyper ya zamani, na mwenzangu ana OSTC 3 ya Kijerumani. Programu ya kiwandani haifunguki kwenye laptopu yetu yenye Linux. Je, zipo programu huria za kuhamishia kumbukumbu za mbizi, na zinaweza pia kusasisha programu iliyomo ndani ya vifaa hivi? — Msomaji, Nungwi

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Umeuliza mambo mawili: la kwanza lina jibu jema kwenu nyote, la pili kwa mwenzako tu.

Kwa kuhamisha kumbukumbu tumieni Subsurface, programu isiyolipiwa iliyoanzishwa mwaka 2011 na Linus Torvalds, yule yule mwanzilishi wa Linux, ambaye naye ni mpiga mbizi. Mwaka uliofuata Dirk Hohndel akapokea usimamizi wake. Inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac, na lipo toleo la simu. Hata hivyo, anayezungumza na kifaa hasa ni maktaba ya programu iitwayo libdivecomputer, kazi ya Jef Driesen, inayoelewa vifaa vya makampuni mengi, vikiwemo vyenu. Makampuni mengi hayakutangaza namna vifaa vyao vinavyowasiliana, kwa hiyo ilibidi data ichunguzwe baiti kwa baiti mpaka ikafahamika. Kazi ya subira, na hatuna budi kuishukuru.

Vyper yako inahitaji kebo yake maalumu. Kwenye Linux kinachowakwamisha wengi si kebo bali ni ruhusa: ikishachomekwa, kwa kawaida huonekana kama /dev/ttyUSB0, na katika mifumo kama Ubuntu mtumiaji asiyemo katika kundi la dialout hukataliwa kuifungua. Kwenye terminali andika sudo usermod -a -G dialout ukifuatisha jina lako la mtumiaji, kisha utoke na kuingia upya. Kifaa chenyewe kioshe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi na ukaushe vizuri mahali pa kuunganishia, kwani chumvi iliyoganda hapo huweza kukata mawasiliano katikati ya kazi. Wala usingoje msimu uishe, kwa sababu kumbukumbu ikijaa, mbizi mpya huandikwa juu ya zile za zamani.

Ama kusasisha, kwa Vyper, Subsurface itakubadilishia baadhi ya mipangilio tu. Programu ya ndani itabaki ile ile. OSTC 3 ni habari nyingine: kiwanda chake, heinrichs weikamp, kimeweka wazi msimbo wa programu ya ndani, na dctool, chombo kidogo kinachokuja na libdivecomputer, kina amri ya fwupdate kwa ajili ya vifaa vya namna hiyo. Mwenzako achukue faili la modeli yake hasa, ahamishe mbizi zake zote kwanza, na ahakikishe betri imejaa.

Ushauri wetu ni kwamba asiifanye kazi hiyo kati ya mbizi mbili za siku moja, kwa kuwa kusasisha kunaweza kufuta hesabu ya naitrojeni iliyobaki mwilini, na kifaa kitamchukulia kama mtu ambaye hajazama kabisa. Akimaliza, akague upya saa, mchanganyiko wa gesi na mipangilio ya kupanda juu kabla ya kuwapeleka wageni kisiwa cha Mnemba.