Michezo ya kutoroka chumba: makosa yanayomtorosha mchezaji

Mchezaji aliyekwama kwa sababu skrubu imejificha kwenye kivuli cha kitanda hajashindwa na fumbo, ameshindwa na macho yake. Kwa vijana wanaotengeneza michezo hii ya kusaka vitu na kufumbua mafumbo ili kutoka chumbani hapa Uganda, ambako wengi watakaoicheza wana simu tu mkononi, kosa hilo ndilo la kurekebisha kabla ya mengine yote.

Ni kosa la kurithi. Crimson Room ya Mjapani Toshimitsu Takagi, ya mwaka 2004, na michezo mingine ya enzi ya Flash, programu ya zamani ya kuendesha michezo ndani ya kivinjari, ilichezwa kwa kipanya. Katika michezo mingi ya aina hiyo, kishale kikipita juu ya kitu cha kubofya kiligeuka kuwa mkono, basi hata aliyekwama aliweza kupapasa ukuta mzima mpaka mkono utokee. Kwenye simu kishale hakuna. Kinachobaki ni kugonga ovyo.

Piga hesabu. Picha ya chumba yenye upana wa pikseli 800, ukiibana kwenye simu iliyoshikwa wima yenye upana wa dp 360 (dp ni kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli za skrini), inaifanya skrubu ya pikseli 12 ibaki dp 5 na ushee. Mwongozo wa Android unataka eneo la kugusa lisipungue dp 48 kwa 48. Skrubu yenyewe iache ilivyo, ila ifunike kwa umbo lisiloonekana lenye ukubwa huo. Maeneo mawili yakipandana, la kitu kidogo liwe juu, la sivyo droo itameza kila mguso uliokusudiwa ufunguo uliomo ndani. Na pasipo na kitu pajibu pia. Maneno "ukuta tu" yanatosha kumjulisha mtu kwamba mguso wake umepokelewa.

Kufuli za namba zina ubaya wake. Ukitoa tarakimu tatu tofauti bila kuonyesha mpangilio, kuna njia 6 tu za kuzipanga. Mchezaji atazijaribu zote na fumbo lako limekufa. Zikiwa nne, njia ni 24, na hapo unamchosha bure. Onyesha mpangilio kwa rangi na umbo pamoja, maana wasiotofautisha nyekundu na kijani wapo, na skrini yenye mwanga hafifu juani huwafanya wengine wote wawe kama wao. Tarehe ziepuke: 03/07 kwetu ni Julai, kwa Mmarekani ni Machi.

Linaloudhi kuliko yote ni kufuli inayokataa namba sahihi eti kwa sababu mchezaji hajafungua karatasi fulani. Akishakataliwa, ataifuta namba hiyo kichwani na hatairudia. Kama ni lazima asome karatasi kwanza, ifiche kufuli yenyewe hadi aisome.

Kuhifadhi mchezo hakuna kisingizio. Simu ikipigiwa, au kivinjari kikiishiwa kumbukumbu, ukurasa unaweza kupakiwa upya na kila kitu kikaanza moja. Orodha ya vitu vilivyookotwa na milango iliyofunguliwa haifiki hata kilobaiti 1. Iandike kwenye localStorage, hifadhi ya kivinjari iliyo ndani ya simu yenyewe, kila mara kitu kinapobadilika, usingoje mwisho wa chumba.

Fumbo la sauti liwe na alama ya kuonekana pia, kwa mfano taa inayowaka kwa kila mlio. Ndani ya taksi watu hucheza simu ikiwa kimya.