Baraza la Karata: Ree na sita, tupa

Babu, shikamoo. Tunacheza poka ya Texas, ile ya karata mbili mkononi na tano za mezani, vijana wanne hapa Chikongola. Kete zetu ni komwe za mabao mawili, kila mtu 32, na dau la lazima kwa wawili wanaomfuata mgawaji ni 1 na 2. Mimi nikishika ree naingia, nikishika karata mbili za kopa naingia, lakini kila jioni wa kwanza kuishiwa ni mimi. Nicheze karata zipi?
– Kijana wa Chikongola, Mtwara

Marahaba, mjukuu wangu. Unaingia mno, na ndiyo maana unaishiwa mapema.

Ree ni nzuri ikiwa na mwenzake mkubwa. Chukua ree na sita, mwenzako ana ree na mfalme, kisha mezani ikafunuliwa ree. Wote wawili mna jozi ileile, ila sita yako haina kazi mbele ya mfalme wake. Na kuitupa huwezi tena, kwa sababu umeshaiona ree na roho imekunjuka. Hapo ndipo kete zinapohama. Mikono hiyo miwili ikishindana tangu kabla ya karata za mezani hadi mwisho, mwenye mfalme hushinda takriban mara 7 katika 10.

Karata mbili za kopa nazo zinakulaghai. Karata tatu za kwanza za mezani kuja zote kopa zikakutimizia kopa tano hutokea mara 1 katika 119. Ree na malkia za kopa, cheza, kwa kuwa ni ree na malkia. Tisa na tatu za kopa, tupa.

Sasa jozi. Utagawiwa jozi yoyote mara 1 katika 17, na ree mbili mara 1 katika 221, kwa hiyo anayezingojea atakesha. Kuanzia kumi mbili kwenda juu, pandisha dau hadi 5 au 6, usijifiche. Wapo wanaopata ree mbili wakanyamaza, wenzao wote wakaingia kwa bei rahisi. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, ree mbili hushinda kama mara 85 katika 100. Wakiingia watatu, zinashuka hadi kama 64.

Jozi ndogo ndiyo inayotaka hesabu, na hapa naomba unisome polepole. Una nne mbili, jirani kapandisha hadi kete 6. Unatamani ulipe, ungoje nne ya tatu. Katika karata tatu za kwanza itakuja mara 2 katika 17. Mara 15 zinazobaki unaacha kete 6, jumla 90. Zile mara mbili, hata jirani akikupa kete zake zote 32, unapata 64, ongeza na vile vidau vya lazima, bado hujafika 90. Mngekuwa na kete mia mbili kila mmoja ningekuambia lipa. Kwa 32, ingia ikiwa ni kete 2 tu.

Angalia na kiti chako. Mgawaji husema, yaani huamua, wa mwisho baada ya karata za mezani kufunuliwa, ameshaona wenzake wamefanya nini. Mfalme na tisa nikiwa wa kwanza kusema nazitupa. Nikiwa mgawaji na aliyenitangulia amejitoa, nazipandishia dau.

Babu, msimu wa korosho umefika na malipo yameanza kuingia. Wenzangu wanataka tuache maharage tuweke pesa. Unasemaje?
– Mwalimu, Nachingwea

Hapana, mwalimu. Michezo ya kubahatisha ya pesa ina leseni zake chini ya Sheria ya mwaka 2003, na baraza ya nyumbani haina leseni. Lakini hata bila sheria, hela ya kununulia salfa ya mikorosho ya msimu ujao sitamshauri mtu aiweke mezani. Bakini na maharage, hesabu ni ileile.

Shikamoo Babu. Shemeji yangu tukicheza hunikazia macho na kusema, "Lipa uone, shemeji!" Nikilipa, amenishika. Nikijitoa, anafunua takataka zake anacheka. Nitajuaje kama anapiga mkwara?
– Mama wa watoto wawili, Lindi mjini

Marahaba, mwanangu. Maneno ya shemeji yasikushughulishe, utani ni haki yake na atautoa awe na karata asiwe nazo. Tazama jicho lake karata tatu za kwanza zinapofunuliwa. Melini nilikokuwa mpishi tulikuwa na fundi mitambo mmoja: karata zikimkubali, jicho lilishuka kwenye kete zake mara moja, kisha akageukia dirisha kama mtu asiye na habari. Wengi wako hivyo, na wala hawajijui. Anayekukodolea macho mara nyingi hana kitu, anataka uogope. Na mkono ukimtetemeka ghafla anapoweka dau, usidhani ni woga, jihadhari, huenda kapata kubwa.

Hata hivyo mimi naamini dau kuliko uso. Tuseme shemeji kapitisha karata tatu za kwanza bila kuweka dau, kapitisha ya nne, ya tano ikatoka mbili ya pau isiyomfaa mtu, mara anasukuma kete 20. Jiulize angekuwa na nini. Mwenye jozi ya mfalme angekulipisha tangu mwanzo. Dau la namna hiyo, ukiwa na jozi ya maana, lilipe.

Na hizo takataka anazokufunulia anakufundisha bure! Kumbuka alikaa kiti gani, aliweka kete ngapi, alisema nini kabla. Andika hata kwenye daftari la madeni ya duka. Ukiona kila alipokuwa na takataka aliongea, na kila alipokushika alinyamaza, basi siku akinyamaza jitoe mapema. Zako unapojitoa zitupe kifudifudi, asione hata moja.