Programu ya rangi za kifafa: angalia kwanza inamfanya mgonjwa afanye nini

Dada, umeuliza kama umwekee mdogo wako ile programu ya simu inayowaka kijani, njano au nyekundu kuonyesha hatari ya kifafa kumshika siku hiyo, kama daktari ataijali, na kama inafaa kuilipia. Mimi namlea mwanangu mwenye kifafa, yuko sekondari sasa, na programu ya namna hiyo tumeitumia hapa nyumbani. Mwekee, ila usivutwe na uzuri wa michoro. Mwangalie mdogo wako anafanya nini akishaitazama.

Kwetu kilichonitia hofu ni kijani kuliko nyekundu. Siku ya nyekundu mtoto alinyong'onyea, hataki shule, hataki mpira. Hilo linaumiza, lakini unakaa naye mnazungumza. Siku ya kijani aliaga anakwenda kuogelea baharini na wenzake, na usiku akaniuliza kidonge cha nini wakati leo hali ni shwari. Kijani alikisoma kwamba hakuna hatari kabisa, na kwa mwenye kifafa siku hiyo haipo. Zipo siku ambazo hatari ni ndogo tu. Maji, jiko la mkaa na kupanda juu ya miti vina masharti yale yale kila siku, na dawa haipunguzwi wala kuongezwa kwa sababu ya rangi. Skrini ambayo kijani chake hakina maneno "meza dawa kama kawaida" mimi naiona ni ya hatari, hata iwe imetengenezwa na nani.

Asilimia nazo zinahitaji kujaribiwa kwa mtu halisi. Siku moja iliandika asilimia 30, nikamwonyesha bibi yake nikamuuliza ameelewaje. Akafurahi: "Alhamdulillahi, kumbe ugonjwa umebaki asilimia thelathini!" Nikachora viduara kumi, nikavipaka rangi vitatu, nikamwambia, mama, zikija siku kumi kama ya leo, tatu kitamshika, saba hakitamshika. Hapo hapo akauliza nani atamsindikiza shule. Fanya hivyo na mdogo wako: usimuulize kama ameelewa, mwambie akueleze yeye kwa maneno yake.

Pia skrini ionyeshe hali yake ya kawaida. Mtu anayeshikwa kama mara moja kwa mwezi, siku yake ya kawaida ina hatari ya takriban 3 kati ya 100. Ukimwambia leo ni mara tatu zaidi, atatetemeka kwa hofu, kumbe ni kama 9 kati ya 100, na siku nyingi za namna hiyo zitapita salama.

Wazo lenyewe si uzushi. Mwaka 2013 Mark Cook na wenzake wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya watu 15 waliowekewa vifaa vya kusoma umeme wa ubongo, pamoja na kifaa cha mkononi chenye taa: nyekundu kwa hatari kubwa, nyeupe ya wastani, buluu ndogo. Kwa baadhi yao taa zilisaidia kweli, kwa wengine hazikufua dafu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani nao walionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi umeme huo hupanda na kushuka kwa mizunguko ya siku kadhaa hadi wiki kadhaa, na kifafa hupenda kuja unapopanda. Lakini hao walikuwa na nyaya ndani ya fuvu. Programu ya simu mara nyingi inategemea unachoandika wewe, na utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2007, uliolinganisha kumbukumbu za wagonjwa na video za hospitali, ulikuta zaidi ya nusu ya matukio hawakuyaandika. Mengi mgonjwa mwenyewe hayajui, hasa ya usingizini. Kwa hiyo anayelala naye chumba kimoja aandike pia.

Ukitaka kujua kama inabashiri au inabahatisha, hesabu siku za nyekundu zote, sio zile tu ilizopatia. Ikiwaka nyekundu siku 20 kati ya 30, hata ingekuwa inabahatisha tu ingenasa kama theluthi mbili ya matukio. Nyekundu iwe chache, na matukio yaangukie humo zaidi.

Kuhusu daktari: foleni ya kliniki unaijua, ana dakika chache. Rangi ya leo haimsaidii. Wetu alitazama simu, akairudisha, akauliza lini mara ya mwisho na dozi ngapi zimerukwa. Safari iliyofuata nikaenda na karatasi ya daftari la hesabu, mstari mmoja kwa mwezi, kijumba kimoja kwa siku: kilichojazwa wino ni siku aliyoshikwa, chenye mkwaju ni siku ya kukosa dawa. Akapitisha kidole pembeni mwa karatasi, mwezi hadi mwezi. Vijumba vyeusi vilikuwa vimerundikana mwishoni, nyuma tu ya mikwaju. Dawa ilikuwa inatuishia kabla ya tarehe ya kliniki. Akatuandikia ya kutosha hadi siku ya kurudi, na hilo limemsaidia mwanangu kuliko rangi zote. Programu ikiweza kutoa jedwali la hivyo, dozi na matukio pamoja, hiyo ndiyo ya kumpelekea.

Kulipia, mimi nisingelipa sasa. Tumia ya bure miezi mitatu huku ukijaza na karatasi, halafu ulinganishe. Kama matukio yake ni machache sana, miezi mitatu haitoshi, ongeza. Na kama mdogo wako anatazama simu kila saa na usingizi umemruka, izime hata kabla ya hapo, maana kukosa usingizi peke yake huweza kuchokoza kifafa.