Kwa Vijana Mnaoanza Bonsai: Mti Mdogo Haukuzwi kwa Njaa

Masika yanapokwisha na baridi ya Juni kuanza kushuka kutoka Mlima Meru, ndipo miti ya bonsai inayokufa (miti inayokuzwa ibaki midogo ndani ya vyombo) inapoanza kuletwa kitaluni kwetu upande wa Tengeru. Huletwa na vijana wenye bidii, wenye mikasi mizuri na masinia ya gharama, yaani vyungu vifupi vya bonsai, na kila mwaka maradhi ni yaleyale: mizizi imeoza ndani ya udongo wa shamba, waya umezama katika gome, au mche wa mwaka mmoja umebanwa katika chombo kifupi huku mwenyewe akisubiri ugeuke mzee. Nawapenda vijana hawa, kwa sababu kazi hii haitaendelea Arusha bila wao, lakini kuyaona makosa haya yakirudi kila msimu kumenichosha. Naandika kwa ajili yenu ambao tayari mnajua kupogoa, kufunga waya na kuhamisha chungu. Namna ya kushika koleo sitaieleza.

La kwanza, acheni kuamini kwamba mti hubaki mdogo kwa kunyimwa. Mzee mmoja wa Machame aliyekuja na mwanawe kununua miche ya parachichi alisimama mbele ya mkuyu wetu uliokomaa ndani ya sinia, akautazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mti huu umewakosea nini hata mkaunyima kukua?" Tulicheka, naye akacheka nasi, lakini lile lilikuwa swali la mkulima anayejua anachokitazama, na lilistahili jibu kamili. Nilimwambia, "Baba, mti huu unakula vizuri kuliko parachichi zako." Nilimwonyesha mbolea inayowekwa kidogo kidogo katika msimu wote wa kukua, nikamwonyesha sehemu yalikokatwa machipukizi ya juu na vijicho vilivyoamka nyuma ya kila mkato. Ncha ya tawi hutoa homoni inayozuia vijicho vya chini visichipue. Ukiiondoa, nguvu iliyokuwa ikipanda juu hugawanyika katika matawi ya ndani, na baada ya miaka mingi ya kukata na kuacha, kukata na kuacha, unapata matawi membamba mengi na majani madogo. Hakuna mbegu ya bonsai, hata wauzaji wa mitandaoni waseme nini. Kipandikizi cha mkuyu ule kikipandwa kando ya mfereji kitakuwa mkuyu wa kawaida unaoweza kuegesha gari kivulini mwake.

Anayeijua historia ya jambo hili hapati shida kulikubali. Sanaa hii ilianza China, na katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai wa enzi ya Tang, lililojengwa mwaka 706, kuna mchoro wa ukutani unaoonyesha watumishi wakibeba sinia lenye mawe na mimea midogo. Tazameni kilichochorwa: mmea mdogo una mtu aliyepewa kazi ya kuubeba. Japani iliipokea sanaa hiyo pamoja na mambo mengine yaliyovuka bahari na watawa wa Kibudha na wajumbe wa serikali, na hati ya michoro ya mwaka 1309 tayari inaonyesha miti midogo katika vyombo nyumbani kwa tajiri. Wajapani waliyapunguza mawe na mandhari, wakauacha mti mmoja uzungumze peke yake, na huo ndio mtindo ambao wengi wetu tulikutana nao kwanza.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Omiya. Tetemeko la Kanto la mwaka 1923 lilipoiharibu Tokyo, wakuzaji wa bonsai waliokuwa mjini humo walitafuta mahali penye nafasi, hewa safi, maji mazuri na udongo unaofaa, na kuanzia mwaka 1925 wakahamia Omiya, kaskazini mwa jiji, wakaanzisha kijiji chao. Walijiwekea masharti: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, afungue bustani yake kwa watazamaji, asijenge ghorofa ya pili, na uzio wake uwe wa mimea hai, kama mipaka ya masale inavyofanywa Uchaggani. Watu waliokwisha kupoteza nyumba walichagua makazi mapya kwa kutazama mahitaji ya miti yao. Kijana anayeuweka mwangati, ambao wengine huuita mtarakwa, juu ya kabati la vitabu, mbali na dirisha, kwa sababu unapendezesha sebule, anapaswa kukisoma kisa hicho mara mbili.

La pili, sinia ni chombo cha mwisho. Shina halinenepi ndani ya sinia. Linenepeshwe kwanza ardhini au katika ndoo kubwa, tena kwa miaka, ndipo lihamishwe.

La tatu ni kosa lililofanyika kitaluni kwetu, nami nilikuwa miongoni mwa walioshika msumeno, kwa hiyo nitalieleza lote. Mama mmoja wa Usa River alikuwa anaondoa uzio wa zamani ili watoto wake wajenge, na katika uzio huo kulikuwa na mwangati uliopogolewa kila mwaka hadi ukawa na shina nene, fupi na lililojipinda, la aina ambayo mkuzaji hulitamani maisha yake yote. Ulipandwa na marehemu mume wake. Alitupatia bure, akaomba jambo moja tu, kwamba siku moja aje kuuona.

Tuliuchimba mvua za masika zilipoanza, na hadi hapo hatukukosea. Kosa lilianza mti ulipofika mezani. Tulikuwa na shauku, wageni wa hoteli moja walikuwa wanatarajiwa, na kila mmoja wetu aliliona tayari umbo lililojificha ndani ya majani yale. Tuliosha udongo wote wa zamani kwenye mizizi, tukaondoa nusu ya mizizi ili kina cha sinia kitoshe, tukakata matawi yote ambayo hatukuyahitaji, tukayafunga waya yaliyobaki na kuyashusha, na jioni ileile mwangati ulikuwa umekaa katika sinia lake, mzuri kiasi cha kutunyamazisha sote. Ukabaki wa kijani. Mvua zikanyesha, wageni wakaja wakaupiga picha, na sisi tukasema umeshika.

Haukuwa umeshika. Jamii ya mwangati ina tabia ya kubaki na rangi yake kwa wiki nyingi, hata miezi, baada ya mizizi kufa, kwa sababu majani yake madogo magumu hupoteza maji polepole sana. Mkuyu ukiumia hukwambia mapema kwa kupukutisha majani, mwangati haukwambii. Mwezi Julai rangi ilianza kufifia na kuwa ya kijivu, ncha zikakauka, na tulipoinua bonge la mizizi tulikuta hakuna hata mzizi mmoja mweupe uliokuwa umechipuka tangu siku ile ya kwanza. Tulichokuwa tukikimwagilia ni kuni.

Sababu ni rahisi kuieleza. Nguvu ya mwangati imo katika majani yake. Tulipoyaondoa majani tuliondoa kilichopaswa kulisha mizizi mipya, na wakati huohuo tukaondoa mizizi iliyopaswa kuyanywesha majani yaliyobaki. Tawi la mwangati lililoachwa bila jani lolote kwa kawaida halichipui tena, kwa hiyo hatukuwa na pa kurudi. Ilitupasa kuupanda katika sanduku la mbao lenye changarawe nyepesi, pamoja na sehemu ya udongo wake wa zamani, bila kugusa jani ambalo si la lazima. Kuufunga usitikisike na upepo, kuunyunyizia majani, kuuweka penye mwanga uliochujwa, na kusubiri mpaka ncha mpya za kijani kibichi zitokee mti mzima. Baada ya hapo ungeachwa ukue msimu mwingine mzima, na matawi ndiyo yangefuata. Kwa mti wa umri ule hiyo ni kazi ya miaka miwili au mitatu, nasi tuliifanya kwa siku moja kwa sababu ya wageni ambao hatuwakumbuki hata majina.

Mama alikuja Agosti. Tulimweleza ukweli mbele ya sinia tupu. Alisema, "Poleni, wanangu," akauliza kama kuna mwingine unaofanana nao, tukamwambia hapana. Tangu siku hiyo sheria ya kitalu ni kwamba mti hufanyiwa jambo kubwa moja tu katika msimu mmoja: ukihamishwa chungu haupogolewi sana, na ukipogolewa sana mizizi yake haiguswi. Ninapomwona kijana akitoa msumeno, waya na sinia jipya asubuhi moja kwa ajili ya mti mmoja, namwomba arudishe viwili kati ya hivyo kabatini, na nikimwomba mara ya pili sauti yangu hupanda.

La nne ni udongo. Chekecheni changarawe nyepesi yenye vitundu ya mawe ya volkano, ambayo milima yetu imetujalia, toeni vumbi lote, changanyeni na mboji kidogo, na udongo mfinyanzi uachieni migomba.

La tano, chomekeni kijiti cha mshikaki kwenye chungu, kikitoka na unyevu msimwagilie; na ninyi wa Moshi, ambako ni chini na joto ni kali kuliko huku kwetu, msinakili ratiba ya Arusha, kwa kuwa sinia la Pasua linaweza kukauka kabla ya adhuhuri wakati la Sakina bado lina maji.

La sita, waya uliofungwa wakati wa mvua ukaguliwe kila wiki, na ukianza kubana ukatwe vipande vipande kwa koleo, usizungushwe kuutoa.

La saba linahusu aina ya miti, na hapa nataka mnisikilize, kwa sababu wengi wenu mnatumia fedha nyingi kutafuta msonobari wa Kijapani ilhali mmezungukwa na utajiri. Mikuyu ya jamii ya Ficus natalensis hushika kwa kipandikizi hata kinene kama mkono. Ndiyo mutuba ambayo Waganda huipanda hivyo na kubandua gome lake kutengeneza nguo. Mkwaju una majani madogo kwa asili na gome linaloonekana la kale mapema. Bogenvilia za nyua za zamani zina mashina ya ajabu, na watu huzing'oa na kuzitupa. Mzeituni mwitu una mti mgumu ambao sehemu zake zilizokufa hazikimbilii kuoza. Mbuyu mchanga hunenepa haraka na hufurahia kiangazi cha kutomwagiliwa ukishapukutisha majani.

Umbo nalo lipo hapa. Wakuzaji wa Afrika Kusini waliacha kulazimisha kila mti uwe na umbo la msonobari wa mlima wa Japani, wakatengeneza mtindo wa mgunga wenye kilele bapa kama mwavuli, wakauita kwa jina la mchoraji wao Pierneef aliyeichora miti hiyo, na wakauweka pia mtindo wa mbuyu. Mnapopanda basi kwenda Babati, fungeni simu zenu kati ya Monduli na Makuyuni mtazame migunga dirishani: tawi la kwanza linaanzia wapi, shina linagawanyika mara ngapi kabla ya kufika kwenye kilele, nafasi tupu iko upande gani. Hilo litawafundisha kuliko picha yoyote. Lakini kutazama ni kutazama; ndani ya hifadhi za taifa za Arusha na Kilimanjaro haing'olewi hata mche, na katika misitu iliyohifadhiwa nje ya hifadhi hizo hakuna kuchimba bila kibali. Ombeni kwa wenye nyua, wajenzi na wenye mashamba yanayosafishwa, kwa maana huko miti mizuri hutupwa kila wiki.

La nane ni daftari. Kila mti uwe na ukurasa wake: ulitoka wapi, nani aliutoa, lini ulihamishwa chungu, lini ulifungwa na kufunguliwa waya, dawa gani ilitumika na ilileta nini. Mtaniuliza kuna haja gani, nami nitawajibu kwa msonobari wa familia ya Yamaki. Ulianza kutunzwa kama bonsai mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa katika bustani ya familia hiyo mjini Hiroshima, takribani kilomita 3 kutoka mahali bomu lilipolipukia, ukakingwa na ukuta. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa kwa Marekani, na upo katika bustani ya miti ya taifa jijini Washington. Waliokuwa wakiumwagilia huko hawakujua umenusurika nini hadi mwaka 2001, wajukuu wa Yamaki walipotembelea bustani na kuwasimulia. Kwa robo karne mti ulihudumiwa vizuri na watu ambao hawakuwa na ukurasa huo.

Kinachonivuta katika kazi hii ni hicho hasa: mti ambao mikono ya watu wasiojuana imeushika kwa zamu, kila mmoja akiupokea ukiwa hai na kuukabidhi ukiwa hai, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kusema ameumaliza. Wateja wengi huanza kwa kupendezwa na udogo, na si vibaya. Wanaobaki ni wale waliogundua kwamba wanaweza kuusoma mti, wakaona mwaka wa ukame katika nafasi kati ya majani na kosa la mkasi katika kovu lililojifunga nusu.

Madaftari yapo ofisini, juu ya kabati la mbolea. Kurasa za mikuyu ziko mbele na za bogenvilia nyuma. Mikwaju mliyoileta mwezi uliopita bado haijaandikwa, nayo isiguswe mizizi hadi vuli, hata kama masinia yake mmeshayanunua.