Nina ugonjwa wa Crohn: nile nini, niache nini?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, na miezi saba iliyopita niligundulika kuwa na ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Huyu ananikataza maziwa, yule ngano, mwingine mboga zote. Nimebaki na wali mweupe na mchuzi, na nimepungua kilo 6. Naomba orodha ya vyakula salama.

Jibu: Marahaba, na pole sana. Orodha sikupi, na si kwa uchoyo. Chakula kilichokukubali mwezi huu kinaweza kukusumbua mwezi ujao, kwa sababu kinachobadilika ni utumbo wenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza kujua ni hali yake: umetulia, umeamka una vidonda na uvimbe, au umebana mahali?

Hilo la kubana ndilo ninalolitilia mkazo. Uvimbe wa muda mrefu huacha makovu, na njia huwa nyembamba. Hapo maganda, mbegu, karanga, bisi, uyoga na nyuzi za machungwa vinaweza kukwama. Muulize daktari wako kama picha za MRI au CT zimeonyesha mbano wowote. Tumbo likisokota kwa mawimbi baada ya kula, likajaa, ukatapika, na choo wala hewa havitoki, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kama hakuna mbano, huna sababu ya kuzikimbia mboga zote. Mara nyingi tatizo si jina la chakula, ni umbo lake. Chukua nyanya: itumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, ganda litapasuka na kuachia. Limenye, kata katikati, komba mbegu kwa kijiko, kisha pika nyama ya nyanya iliyobaki hadi ilainike. Ganda lile ungelikuta chooni limejikunja vilevile ulivyolimeza. Karoti na boga menya, chemsha, ponda. Ndizi mbivu kwa kawaida haina ugomvi. Siku ugonjwa unapoamka, kula kidogo kidogo mara tano au sita, punguza mafuta, pilipili, kahawa na pombe. Ukitulia, rudisha nyuzinyuzi taratibu.

Maziwa? Wengine utumbo wao haumeng'enyi sukari ya maziwa, hasa ugonjwa ukiwa umeamka. Wengine wanakunywa bila shida. Mtindi mara nyingi huvumilika zaidi. Usiyaache kwa sababu ya maneno ya jirani, hasa kama unatumia dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe), maana hizo hudhoofisha mifupa na kalsiamu unaihitaji. Ngano nayo, kama hujapimwa ukakutwa na ugonjwa wa siliaki (ambapo gluteni, protini ya ngano, huudhuru utumbo), hakuna sababu ya kuifuta moja kwa moja.

Zile kilo 6 ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko yote. Wali na mchuzi havina protini ya kutosha. Tena sehemu yako iliyougua ndiyo inayofyonza vitamini B12, kwa hiyo omba upimwe B12, madini ya chuma na vitamini D. Mtaalamu wa lishe anaweza pia kukuandikia lishe maalumu ya kunywa. Kwa watoto, lishe hiyo peke yake kwa wiki 6 hadi 8 hutumika kama tiba kamili ya kuutuliza ugonjwa. Kwa mtu mzima kama wewe, chakula hakichukui nafasi ya dawa, usije ukaziacha.

Nunua daftari. Andika ulichokula, kilivyopikwa, saa ngapi, na tumbo lilisemaje. Rudisha chakula kimoja kwa siku tatu kabla ya kugusa kingine. Ukirudisha viwili pamoja hutajua mkorofi ni nani. Ningeanza na yai la kuchemsha, liive hadi kiini kigande, kwa sababu dawa nyingi za Crohn hupunguza kinga na yai bichi linaweza kukuletea maambukizi.