Kadi za harusi za kutengeneza nyumbani: maswali yenu

Namtengenezea mdogo wangu kadi. Kila nikikunja manila, mkunjo unapasuka na weupe unatokeza. Nakosea wapi? (Jinja)

Dada, tatizo ni nyuzi za karatasi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zinazolala upande mmoja, na mkunjo unaozikatiza huzivunja. Ipinde karatasi polepole bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Inakopinda kwa wepesi ndiko nyuzi zinakoelekea, na mkunjo wako ufuate huko.

A4 nyingi zina nyuzi za urefu, kwa hiyo ukiikunja nzima katikati inapasuka. Ikate kwanza vipande viwili vya A5, kisha kunja kila kipande katikati. Hapo mkunjo unakwenda na nyuzi, nawe unapata kadi ya milimita 105 kwa 148 inayoingia kwenye bahasha ya C6 bila kusukumwa.

Kabla ya kukunja, weka rula ya chuma na upitishe kalamu iliyokwisha wino mara mbili. Unataka mfereji, si mkato. Geuza karatasi uone: mstari umevimba upande wa pili. Uvimbe huo ubaki ndani ya kadi. Na ukinunua manila nyingine, chana pembe yake kwanza. Kama katikati ni nyeupe, rangi imepakwa juu tu, na itakuumbua hata ukikunja vizuri.

Mimi ni senga (shangazi) wa bibi harusi. Nabandika kipande cha lubugo mbele ya kadi, lakini gundi inatoa madoa na kadi inajikunja. (Masaka)

Senga, lubugo ni gome la mti wa mutuba lililopondwa, si kitambaa cha kufumwa. Hunywa gundi kama udongo mkavu unavyokunywa maji, na gundi ikipenya hadi juu, doa halitoki. Usipake lubugo, paka kadi. Tumia gundi nyeupe ya mbao bila kuiongeza maji, uitandaze kwa kipande cha manila mpaka ibaki utando mwembamba. Ngoja kama dakika moja ianze kunata, ndipo ulaze lubugo na kuibonyeza kwa kiganja, bila kuisugua.

Kadi inajikunja kwa sababu maji ya gundi yamevimbisha upande mmoja tu. Ifunike kwa plastiki, weka vitabu vizito juu, iache usiku kucha. Msimu wa mvua iache siku nzima.

Chagua sehemu nyembamba za lubugo, kwani unene wake haulingani, na ukate ukanda usiozidi sentimita 3. Ukizidi hapo bahasha inatuna. Jambo moja tunakusihi: waulize wazee wa pande zote mbili kabla hujakata. Lubugo ni heshima kubwa Buganda, lakini pia ndiyo inayofunika maiti, na wapo watakaoumia kuiona kwenye kadi ya harusi.

Nichape nyumbani au niende Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala? (Mukono)

Maandishi yapeleke Nasser Road, kazi ya mikono ifanye nyumbani. Printa nyingi za nyumbani hukwama na manila ya gramu 250, na wino wao wa maji huchirizika ukiguswa na gundi. Mashine ya leza haina shida hiyo, ila wino wake wa unga hubanduka kwenye mkunjo na kwenye karatasi isiyo laini, kwa hiyo usipitishe rangi nzito hapo. Chapisha moja, ikunje, isugue kwa kidole, ndipo uagize zote.

Wageni 200, ninunue karatasi ngapi? (Mbale)

Hesabu nyumba, si watu. Mke na mume ni kadi moja. Kadi 100 zinahitaji A4 50. Nunua 58, maana za kuharibika hazikosekani. Bahasha nunua 110.

Kadi ya mwanangu ina Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Saa niandikeje? (Arua)

Mzee, hapa ndipo wageni hupotea. Ukiandika "saa 2:00" upande wa Kiswahili ukikusudia saa nane mchana, mwingine atafika asubuhi. Upande wa Kiswahili usitumie tarakimu kabisa. Andika "Jumamosi, saa nane kamili mchana", na upande wa Kiingereza uache 2:00 pm. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuiona kadi asome pande zote mbili kwa sauti, akuambie angetoka nyumbani saa ngapi.