Mchemraba Umechanika

SWALI: Mwalimu, najifunza WebGL, zana ya kuchora michoro ya 3D ndani ya kivinjari. Data zote za vipeo (nukta zinazounda umbo) nimezipanga katika safu moja: kila kipeo namba tatu za mahali, tatu za nomali (mwelekeo unaotazamwa na uso), mbili za picha ya kubandika. Hatua (stride, umbali kutoka kipeo hadi kinachofuata) nimeandika 8, maana namba ni nane. Nilipowasha mahali peke yake, mchemraba ulitoka kama karatasi iliyofinyangwa, na konsoli (dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa) kimya. Nikaongeza nomali, mwanzo wake (offset, mahali inapoanza ndani ya kipeo) 3: mchemraba ukatoweka, konsoli ikalalamika INVALID_OPERATION. Je, nitumie bafa (hifadhi za data kwa ajili ya kadi ya michoro) tatu?
Msomaji, mgeni wa michoro

JIBU: Usitenganishe chochote. Kosa hili liliwahi kunikesha hadi alfajiri, kwa hiyo sikucheki. vertexAttribPointer, amri inayoieleza WebGL jinsi ya kusoma safu, inahesabu baiti, wewe umeipa idadi ya namba. Namba moja ya Float32Array (safu ya namba za desimali) ni baiti 4, hivyo kipeo chako kina baiti 32. Andika hatua 32. Mahali paanzie 0, nomali 12, picha 24.

Ule ukimya wa konsoli ndio uliokuponza. Hatua na mwanzo sharti vigawanyike kwa ukubwa wa aina ya data, hapa 4. Nane inagawanyika, basi WebGL ikakubali na kuruka baiti 8 tu. Kipeo cha pili kikaanza kusomwa kwenye z ya kipeo cha kwanza, kikaokota na namba mbili za nomali; cha tatu kikaishia kwenye picha. Tatu haigawanyiki, ikakataliwa papo hapo. Nomali ikabaki imewashwa bila bafa, na amri ya kuchora nayo ikagoma.

Mimi hutenganisha pale tu mahali pa vipeo panapobadilika kila fremu, mathalani kitambaa kinachopepea. Hapo mahali pawe na bafa yake ya DYNAMIC_DRAW (data inayobadilika mara kwa mara), vingine vikae pamoja katika STATIC_DRAW (data isiyobadilika). Mchemraba unaozunguka hauhitaji hayo. Kuzungusha ni kazi ya matriki (jedwali la namba) ndani ya sheda, programu ndogo inayoendeshwa na kadi ya michoro.

Hukuuliza, lakini nakushuku: safu yako ina vipeo 8? Basi mwanga utakuja kukusumbua. Kila pembe inakutanisha nyuso tatu, na kila uso unataka nomali yake, kwa hiyo pembe moja iandike mara tatu. Jumla vipeo 24, na fahirisi (namba zinazotaja kipeo kipi kitumike) 36 za Uint16Array, safu ya namba nzima, kuunda pembetatu 12.